Mama Geti

Hakuwahi kuingia nyumbani kwangu bila kukaribishwa, hata mvua inyeshe namna gani. Alikuwa anasimama nje ya ua, karibu na jiwe letu la kunolea mapanga, anabisha hodi kwa sauti ndogo, kisha anangoja. Kama nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua mboga na sikumsikia, aliendelea kungoja. Siku moja nilimkuta amelowa mpaka gauni limeganda mgongoni, na mlango wangu ulikuwa wazi wote.

"Mama, kwa nini hukuingia?"

"Ulikuwa hujaniambia karibu."

Ndivyo alivyokuwa. Hakufunua sufuria ya mtu kuona kinachopikwa. Ukiwa mgonjwa kitandani, ukamwomba akutolee nguo sandukuni, alilibeba sanduku zima, akaliweka mbele yako, ukafungua mwenyewe huku yeye akitazama nje.

Na huyo ndiye mwanamke ambaye, kwa miaka kadhaa, kazi yake ilikuwa kuwapekua wanawake wenzake nguo zao.

Tuliishi jirani pale Nkende, ua kwa ua. Mimi nilikuwa mke mchanga, nimeletwa mahali nisipomjua mtu. Yeye alikuwa mjane, watoto wake wameshaondoka. Ndiye aliyenionyesha kisima chenye maji safi, na mama mkwe wangu alipokuwa mkali, nilikimbilia jikoni kwake. Jina lake nalijua, lakini sitalitaja. Watu wote walimwita Mama Geti, kwanza kwa mzaha, baadaye si kwa mzaha tena.

Geti lenyewe lilikuwa Sirari, mpakani. Miaka ile ya hamsini upande wa Kenya kulikuwa na vita ya msituni. Ilikuwa mbali na sisi, lakini hofu yake ilitufikia. Serikali ilisema watu wa msituni watapenya mpakani wajifiche kwetu, na kwamba wanawake ndio wanaowabebea risasi na barua. Kwa hiyo barabarani ulilazwa mti mrefu juu ya magogo mawili, likasimamishwa hema la askari, na kila anayevuka akapekuliwa. Sisi tulikuwa hatujauzoea huo mpaka. Mtu alikuwa na shamba huku na shangazi kule. Dada yangu Gati alikuwa ameolewa upande wa Kenya, na kabla ya geti nilikuwa naenda kwake kama mtu anayekwenda sokoni.

Mwanzoni askari wanaume ndio waliompekua kila mtu. Mwanaume alivua koti, akageuza mifuko, akapita. Mwanamke alikuwa na mengi ya kufunguliwa: kitambaa cha kichwa, shuka ya kubebea mtoto, mkanda wa kiunoni, na wale wa zamani waliovaa ngozi waliambiwa wainyanyue. Siku moja askari alivuta shuka ya mama mmoja kwa fimbo, mtoto akaanguka chini. Ndugu za mumewe wakaja na mishale. Ilibaki kidogo tu damu imwagike. Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, akatoka bomani Tarime na gari lake, akakaa na wazee, wakazungumza mpaka jua likapinda. Wakakubaliana atafutwe mwanamke wa kuwapekua wanawake.

Jirani yangu akakubali. Nilimuuliza kwa nini, tukiwa tunapalilia ulezi wake. Hakuacha kupalilia.

"Wazee walikaa na Bwana Shauri siku nzima," alisema. "Waliulizana nani atupekue. Hakuna aliyeuliza kama tupekuliwe ama tusipekuliwe. Nilipoona hilo limeshapita, nikasema basi afadhali iwe mikono yangu."

Alijengewa kibanda cha mabati pembeni ya barabara. Jumatatu alfajiri lori la polisi lilimchukua, Jumamosi likamrudisha. Alishonewa gauni la kaki, mikono mirefu mpaka kwenye viganja, vifungo mpaka shingoni, na alilivaa hivyo hivyo hata jua likiwaka. Watu walisema ni majivuno ya serikali. Mimi niliyemwona akioga nilijua sababu nyingine. Mikono yake ilikuwa na mistari myeupe iliyozunguka kuanzia kifundo mpaka kiwiko, pale nyaya za shaba za urembo zilipokaa tangu ujana wake. Zilikatwa siku alipobatizwa. Mchungaji wa wakati huo alisema hawezi kumtia maji mwanamke aliyejifunga vyuma kama mfungwa.

"Alizikata nani?" nilimuuliza.

"Fundi wa baiskeli. Kwa koleo. Mchungaji alishika mkono, fundi akakata." Akateremsha mkono wa gauni. "Nilikuwa nimeshakubali. Lakini nilipotoka nje niliona baridi mikononi mwaka mzima."

Hata hivyo kanisani hakukosa. Alikaa benchi la mbele na aliimba kwa sauti kubwa isiyofuata wenzake. Akina mama wa kanisa walipowaandama wale waliokuja na ngozi na shanga, wakiwaambia warudi wakavae gauni kwanza, alisimama katikati ya ibada, akasogea, akawapa nafasi kwenye benchi lake. Lakini mpwa wake alipomjia kutoka Musoma na gauni linaloishia magotini, alimzuia kutoka nje mpaka alipolishusha pindo. Nilimwambia anajipinga mwenyewe. Alicheka, akasema ndiyo. Alikuwa anaweza kucheka hivyo, akijua kwamba amekosea na hana nia ya kujirekebisha.

Jumamosi akishuka kwenye lori hakumsalimia mtu mpaka aoge. Alipita katikati yetu kimya, akaenda nyuma ya nyumba, tukasikia maji. Akitoka hapo amevaa shuka yake ya kila siku, ndipo alipoanza: "Hamjambo? Huyu mtoto amekuwaje? Nani ana ugoro?" Alikuwa mtu mwingine. Alipika kwa wingi, akawaita watoto wa jirani wote, akasimulia habari za askari wa Kenya ambao Kiswahili chao kilimchekesha. Habari za kibandani hakusimulia.

Za kibandani nilizijua kwa sababu nami nilipita. Mara ya kwanza niliingia nikitabasamu, maana Jumapili, kabla hajaondoka, alikuwa ameniomba chumvi. Ndani palikuwa na giza na joto la mabati. Alikuwa amening'iniza blanketi mlangoni, na pembeni kulikuwa na karai la maji.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Fungua mwenyewe, mwanangu. Mimi sitagusa."

Hayo ndiyo maneno aliyomwambia kila mwanamke. Nilifungua kitambaa cha kichwa, nikakikung'uta. Nilifungua shuka. Nililegeza gauni. Aliniuliza habari za dada yangu, kama amejifungua, na kama mahindi ya kule yameshika. Nilijibu. Kisha akasema, "Jifunge," akanawa mikono ambayo haikugusa kitu. Hakunifanyia ubaya wowote. Lakini Jumamosi alipobisha hodi kwangu nilichelewa kumwitikia, na kwa muda hatukuweza kutazamana vizuri. Sikujua hasira yangu niipeleke wapi. Alikuwa ameniheshimu, na bado nilikuwa nimesimama mbele yake nimelegeza gauni kwa amri ya watu waliokuwa nje wanavuta sigara.

Na hao askari aliwatunza. Aliwapikia uji. Koplo wao, kijana asiye wa huku, alimwita mama, naye alimwita mwanangu, akamshonea vifungo vya shati. Nilikuwa nikiona hayo nashangaa. Alisema koplo huyo ni mtoto wa mtu, amepelekwa mahali pasipo pake, na usiku analia meno yakimuuma.

Sasa niseme habari ya siku ile, maana bila hiyo nitakuwa sijamsema.

Nilikuwa natoka kwa dada yangu, na kwa kuwa ilikuwa siku ya mnada tulikuwa wanawake wengi kwenye foleni. Mbele yangu alisimama msichana mjamzito, amevaa koti kuukuu la kiume juu ya gauni. Hakuwa wa kwetu. Alimwomba bibi mmoja maji kwa Kiswahili cha Nairobi, akanywa, akashukuru. Alisema anakwenda Musoma kwa mjomba wake. Zamu yake ilipofika aliingia kibandani. Hakukaa sana. Mama Geti akatoka naye, akamwambia koplo:

"Huyu ana mimba tu. Hana kitu. Apite."

"Mimba ya miezi mingapi?" koplo akauliza.

"Kamuulize mumewe."

Watu wakacheka. Koplo hakucheka. Msichana alikuwa ameinama kuokota kifurushi chake, na aliinama haraka, kwa kiuno, kama mtu asiye na tumbo. Koplo akamwita arudi. Akamwekea ncha ya rungu tumboni, akasukuma polepole, rungu likazama kama kwenye mto wa pamba. Kicheko kikaisha.

"Mama, umesema hana kitu."

"Hana kitu cha kwako, mwanangu."

"Mfungue."

"Haya, twende ndani."

"Hapa. Hapa mbele yangu. Umfungue wewe, ama nimfungue mimi."

Mama Geti alimtazama, kisha akatazama hema, kama anayetafuta mkubwa mwingine wa kumwambia. Hakuwepo. Walikuwepo askari wawili wa kwetu, nao waliangalia viatu vyao. Akamgeukia msichana. "Fungua mwenyewe, mwanangu." Msichana alishika koti kwa mikono miwili, akatikisa kichwa. "Fungua mwenyewe," akarudia, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kuomba. Vidole vya yule msichana havikufunguka. Koplo akaliegemeza rungu kwenye gogo, akakunja mikono ya shati, akapiga hatua.

Ndipo Mama Geti aliponyoosha mikono yake akaanza na kifungo cha juu.

Nyuma yangu alikuwa bibi mmoja wa zamani, ngozi kiunoni na shuka nyeusi begani. Aliitoa ile shuka. Alitoka kwenye foleni kifua wazi, matiti yake makavu yamelala, akatembea polepole mpaka pale, akaitandaza shuka mbele ya msichana kama mtu anayeanika. Askari wa kwetu walipomwona walijigeuza wakatazama mlimani, maana mwanamke wa umri ule akikuonyesha mwili wake kwa hasira, umeharibikiwa. Kisha mwanamke mwingine akatoka. Kisha mimi. Hatukuwa wote. Wengine walibaki kwenye foleni, na mmoja alituambia tunawachelewesha mnada. Lakini tulitosha kuzunguka. Mimi nilishika shuka yangu kwa pembe zake, kichwa changu kikiwa juu ya pindo, mgongo kwa koplo. Kwa hiyo niliona.

Tumboni alikuwa amefunga nguo za mwanaume. Shati la kaki, suruali, fulana. Zilikunjwa vizuri sana, na zilifungwa kwa kitambaa kilichozungushwa kiunoni. Mama Geti alifungua fundo moja, akafungua la pili. Shati lilikuwa na tundu chini ya mfuko, na kandokando ya tundu nguo ilikuwa imekauka, nyeusi, ngumu kama ngozi.

Yule msichana alizungumza akimwelekea koplo, ingawa hakumwona kwa sababu ya shuka zetu.

"Ni za bwana yangu," alisema. "Yeye mwenyewe hawakunipatia. Walinipatia hizi."

Koplo alizichukua. Alikagua mifuko, akapapasa mishono, akachana ukosi. Hakupata risasi wala barua. Lakini msichana hakuwa na kipande cha kumtambulisha, na alikuwa amejificha, na hiyo ilitosha. Lori la upande wa Kenya likaitwa. Walipomwambia apande alikuwa amebaki na shimizi, maana koti na gauni vilichukuliwa vikaguliwe. Nilimfunga shuka yangu. Alisema asante. Sijawahi kusikia habari zake tena, wala Musoma hakuna aliyemjua mjomba huyo, ingawa niliulizia.

Nilirudi Nkende bila shuka, na mume wangu alikuwa amekaa nje.

"Nguo yako iko wapi?"

"Imekwenda Kenya."

"Nakuuliza vizuri."

"Nami nimekujibu vizuri. Kuna mtu hakuwa na nguo, nikampa."

Wakati ule mwanamke kurudi nyumbani amepungukiwa na nguo lilikuwa jambo la kuitiwa wazee. Nilisimama nikingoja. Sijui aliona nini usoni mwangu, akainuka, akaenda kufungia ng'ombe. Hatukulizungumza tena. Aliponinunulia shuka nyingine aliiacha kitandani.

Jumatatu iliyofuata, alfajiri, nilisikia lori. Nilitoka nje mbio na kanga ya kulalia. Mama Geti alikuwa anapanda, amefunga vifungo vyake vyote.

"Unarudi kule?"

"Narudi."

"Baada ya lile?"

"Nikikaa hapa leo, nani yuko kibandani leo?" Alishika ubao wa lori. "Yule mtoto sasa ameshajua kwamba inawezekana."

Sikuelewa kwamba anamsema koplo. Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo mtu wa umri wangu hakupaswa kumwambia mtu wa umri wake, na dereva akayasikia. Lori likaondoka naye. Aliendelea na kazi ile mpaka geti lilipoondolewa, na sidhani kuna mwanamke aliyefunguliwa tena nje katika muda huo. Lakini hakuna aliyemshukuru. Wengi waliacha barabara, wakapita mtoni, hata maji yakiwa mengi, kuliko kuingia kibandani kwake. Kanisani benchi lake la mbele likawa lake peke yake. Wale wa ngozi na shanga aliowapisha zamani, nao walikaa nyuma.

Nguo za yule marehemu koplo aliamuru zichomwe. Mama Geti alichoma magunia nyuma ya kibanda, moshi ukaonekana, na Jumamosi baada ya ugomvi wetu nguo akaja nazo Nkende ndani ya kikapu cha unga. Alichimba mwenyewe nyuma ya nyumba yake, upande ambao kwetu mwenye nyumba mwanaume huzikwa, akazizika. Aliweka mawe juu. Hakuficha. Nilimwona kutoka kwangu, na kwa kuwa sikuwa nikimsemesha, sikwenda kumsaidia.

Wazee walikuja baada ya habari kuenea. Walikaa uani kwake, nasi tukasimama nje ya ua tukisikiliza.

"Umemzika nani hapa?" mkubwa wao akauliza.

"Jina silijui."

"Wa ukoo gani?"

"Huo pia siujui."

"Mtu asiye na jina wala ukoo utamzikaje kwenye boma la wenyewe? Akianza kutembea, utamwita kwa jina gani arudi?"

"Alikuwa na mke," Mama Geti akasema. "Mke wake alitembea naye kutoka kwao mpaka Sirari. Mimi ndiye niliyemfanya amwache njiani."

Walimwambia afukue. Akakataa. Walimwambia atoe mbuzi wa kusafisha boma. Alimtoa, nyama ikaliwa, mawe yakabaki palepale. Tangu hapo watu walizunguka mbali na nyumba yake. Watoto waliokuwa wakila kwake walikatazwa. Ng'ombe wa jirani wa upande wa juu alipozaa ndama aliyekufa, sababu ilijulikana kabla ndama hajapoa.

Yeye mwenyewe alianza kubadilika. Siku alizokuwa nyumbani, mchana, tukiwa shambani kila mtu kwake, nilimwona akiacha jembe na kusema, "Karibu, ingia," kwa mtu ambaye sikumwona. Alikuwa akisogea kando kidogo, kama anayempisha mtu mlangoni. Kisha akaendelea kulima. Wakati mwingine alinawa mikono katikati ya shamba kwa maji ya kunywa. Hofu iliniondolea hasira. Nikaanza tena kumpelekea mboga, na yeye akaanza tena kusimama kwenye jiwe letu akibisha hodi, lakini vicheko vya Jumamosi havikurudi. Geti lilipoondolewa, haikupita muda akauza kuku, akafunga mlango kwa kamba, akaenda kuishi Kisaka kwa mpwa wake, yule wa gauni fupi, ambaye sasa alikuwa na mume na mifugo.

Sikumwona kwa miaka. Mwishoni mwa miaka ile chama cha kudai uhuru kilikuwa kimefika kila kona, nami nilikuwa mmoja wa akina mama waliozunguka kuwahamasisha wenzao. Tulisafiri kwa lori la mfanyabiashara mmoja, tumevaa vitambaa vya kichwa vya rangi moja, tukiimba mpaka sauti zikakauka. Baada ya mkutano Morotonga, tukielekea vijijini, lori liliharibika Kisaka. Nikamuulizia. Mtoto wa pale alinionyesha nyumba.

Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ghala anapepeta mtama. Alikuwa amekonda, na alivaa gauni jepesi lisilo na mikono. Mistari myeupe ilionekana yote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alinitazama mpaka akanitambua. "Karibu. Mmeambiwa mvae hivyo?"

"Hapana. Tulikubaliana wenyewe."

"Wenyewe wanawake?"

"Wenyewe."

"Vizuri," akasema, na nikaona kwamba amefurahi kweli. Alinipa kigoda. Tulizungumza habari za Nkende, nani amezaa, nani ameuza shamba. Nilimwomba radhi kwa maneno ya alfajiri ile. Alisema hayakumbuki, na sikuweza kujua kama ni kweli. Kisha aliweka ungo chini.

"Nina swali nililokuwa nataka kumuuliza mtu," alisema. "Wewe siku ile ulikuwa umeshika shuka. Ulimwona usoni?"

"Nilimwona."

"Mimi sikumwona. Kibandani palikuwa giza, na hakusema kitu, alinishika mkono tu akauweka pale tumboni. Na pale nje niliangalia mafundo. Niambie alikuwaje."

Nilifumba macho ili nimpate vizuri. Nilimwambia alikuwa na mwanya. Masikio yake yalikuwa hayajatobolewa. Chini ya taya alikuwa na kovu la moto, la zamani, kama alimwagikiwa na kitu utotoni.

"Mrefu?"

"Mfupi, mama. Nilipomfunga shuka, kichwa chake kilinifika hapa begani."

"Mfupi," akarudia. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Kuku walikuwa wanadonoa mtama uliomwagika, naye hakuwafukuza.

"Anayenijia mimi ni mrefu," alisema. "Masikio yake ni kama ya mama yangu, yametobolewa makubwa. Anasimama mlangoni, anafungua kitambaa cha kichwa, ananitazama. Miaka yote hii namwambia pole kwa habari ya mumewe." Aligeuza viganja vyake, akavitazama. "Basi si yeye."

"Ni nani, sasa?"

"Sijui. Waliopita pale ni wengi."

Barabarani lori liliwaka, likazima, likawaka tena. Wenzangu wakaanza kuniita. Niliinuka, lakini yeye alikuwa ameshaanza kuwatafuta wale wa kibandani, kwa sauti ndogo, na kwa kuwa hakuwajua majina aliwataja kwa nguo zao.

"Yule wa gauni la bluu lenye ukosi," alisema. "Yule wa shuka iliyotoboka, aliyekuwa akinyonyesha. Mama na binti yake waliovaa kitambaa kimoja, mmoja alimsubiri mwenzake amalize. Yule aliyekuwa amevaa magauni matatu, moja juu ya jingine, kwa sababu alikuwa anahama. Yule aliyefungua mpaka mwisho kabla sijamwambia."

Dereva akapiga honi. Nilimuaga, sidhani alisikia. Nilipofika kwenye njia niligeuka, na midomo yake ilikuwa bado inakwenda.